Maisha ya Johann Ludwig Krapf, Mwanafunzi wa Kiswahili

Katika sura iliyotangulia tulishughulikia upatanisho wa kisarufi, yaani namna nomino inavyoviamuru vivumishi, viwakilishi na vitenzi kufuata ngeli yake. Tunajua, kutokana na miaka mingi ya kufundisha, kwamba hapa ndipo wanachuo wengi wa Uganda wanapoanza kunyamaza darasani. Yule aliyekuwa akinyoosha mkono wakati wa maamkizi na hesabu hanyooshi tena. Anaandika, anafuta, anaandika tena, na mwisho anafunga daftari. Ubaya wa jambo hili ni kwamba mwanachuo huyo si mwanafunzi tu. Baada ya muda si mrefu atasimama mbele ya watoto kuwafundisha lugha ambayo yeye mwenyewe bado inamtatiza. Kwa sababu hiyo, kabla hatujaingia katika ngeli zilizobaki, tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyekutana na ngeli hizi hizi bila kitabu cha sarufi, bila kamusi, na bila mwalimu wa kumfafanulia kanuni hata moja kwa lugha yake ya kuzaliwa.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya kusini ya Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi alipigwa vibaya na jirani kwa kosa lililotendwa na mtoto mwingine, akaugua kwa miezi mingi. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na inaelekea kwamba ni katika kipindi hicho alipozoea kukaa na kitabu kwa saa nyingi bila kuchoka. Baadaye alipelekwa katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, akajifunza Kilatini na Kigiriki, kisha Kiebrania na lugha nyingine za Ulaya. Baba yake alimpatia kitabu cha ramani. Kijana akashangaa kuona kwamba katika upande wa mashariki wa Afrika palikuwa na nafasi kubwa zisizo na majina, akajiuliza kama ni jangwa tupu au ni ujinga wa wachora ramani. Alikuja kugundua kwamba lilikuwa jambo la pili.

Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha wamisionari mjini Basel, lakini hakumaliza. Baada ya takriban miaka miwili alishikwa na shaka juu ya wito wake, akaondoka, akaenda kusoma theolojia katika chuo kikuu cha Tübingen na kumaliza mwaka 1834. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu vitabu vingi humwonyesha Krapf kana kwamba alizaliwa akijua anakokwenda. Hakujua. Ilikuwa mwaka 1836 ndipo alipokubaliwa na Chama cha Wamisionari wa Kanisa la Uingereza, naye akaambiwa ajiandae kwenda Smyrna, katika nchi ya Waturuki. Akaanza Kituruki. Kabla hajafika mbali mpango ukabadilishwa: aende Uhabeshi. Kituruki kikawekwa kando, akaanza upya na Kiamhari pamoja na lugha kongwe ya Ge'ez.

Miaka yake ya Uhabeshi ilikuwa ya kufunga na kufungua mizigo. Alifika huko mwishoni mwa mwaka 1837 na kufukuzwa mwaka uliofuata. Alirudi kwa njia nyingine, akakaa katika ufalme wa Shoa kuanzia mwaka 1839 hadi mwaka 1842, na huko alianza kujifunza Kioromo, lugha ambayo hakuwa na kitabu chake cha kumsaidia. Alipokuwa akisafiri kuelekea pwani kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, alinyang'anywa mali yake yote njiani. Wakaoana mwaka 1842 nchini Misri, na walipojaribu kurudi Uhabeshi wakakuta milango imefungwa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katika safari hiyo, jangwani, akafa. Basi mtu huyu alikuwa ametumia miaka mitano kujifunza lugha tatu za nchi ambayo sasa hakuruhusiwa kukanyaga.

Mwezi wa Novemba 1843 yeye na mkewe walipanda chombo cha tanga kutoka Aden kuelekea kusini. Chombo kilivuja, wakaponea chupuchupu, wakarudi Aden na kuanza safari tena. Mwanzoni mwa Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf hakutaka kukaa Unguja. Aliona kwamba Mombasa ilikuwa karibu zaidi na njia za bara. Katika nusu ya kwanza ya mwaka huo akahamia Mombasa.

Hapa ndipo tunapopenda wanachuo wasimame kidogo na kutazama hali ya mtu huyo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Alijua Kijerumani, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiingereza, Kiamhari, Ge'ez, Kioromo, na Kiarabu cha kutosha kuzungumza na wenyeji wa mjini. Mtu mwenye lugha nyingi namna hiyo angetarajia kwamba nyingine moja itamjia kwa wepesi. Lakini karibu kila alichokijua kuhusu muundo wa lugha kilimfanya atazame mahali pasipofaa. Katika Kilatini, kinachobadilika ni mwisho wa neno. Katika Kiarabu, mzizi ni konsonanti, na irabu huingia katikati yake. Katika Kioromo pia sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea mwishoni. Mtu aliyezoea lugha hizo akisikia ‘mti mrefu umeanguka’, kisha ‘miti mirefu imeanguka’, sikio lake hungoja mwisho wa neno, na mwishoni hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika kilipita mwanzoni, kabla hajawa tayari kukisikia. Kwake ‘kitabu’ na ‘vitabu’ huonekana ni maneno mawili yasiyohusiana, na ‘changu’, ‘vyangu’, ‘yangu’, ‘wangu’, ‘langu’ na ‘zangu’ huonekana ni maneno sita. Kuna majira katika kujifunza ambapo mambo mapya hayaongezi maarifa bali yanaongeza vurugu. Kila neno jipya linavunja kanuni iliyodhaniwa jana.

Kiarabu kilimsaidia, na papo hapo kilimpotosha. Kilimsaidia kwa kuwa alitambua maneno mengi ya dini, biashara na sheria. Kilimpotosha kwa kuwa wingi wa maneno hayo katika mazungumzo ya watu wa mjini ungeweza kumfanya mgeni adhani kwamba Kiswahili ni aina ya Kiarabu kilichochakaa, dhana ambayo hata leo tunaisikia kwa watu wenye shahada. Krapf aliona upesi kwamba maneno yalikuwa yameingia lakini mifupa ya lugha ilikuwa ya kwake yenyewe: hata neno la Kiarabu lilipofika pwani lilivishwa kiambishi na kulazimishwa kuingia katika ngeli. ‘Kitabu’ chenyewe ni ushahidi. Silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na wingi wake ukawa ‘vitabu’, jambo ambalo Mwarabu hawezi kulitambua.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Sheikh Ali bin Mohedin, kadhi, mtu wa elimu ya dini ya Kiislamu. Tarehe 8 Juni 1844, Krapf akiwa na miezi michache tu katika pwani, walianza pamoja kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Wapo wanaoliona tendo hilo kuwa la haraka mno, na sisi tunakubali kwamba lilikuwa la haraka. Mtu ambaye bado hajajua kuuliza njia sokoni anataka kueleza kuumbwa kwa ulimwengu! Lakini kwa upande wa ujifunzaji lilikuwa na faida moja kubwa. Tafsiri haimruhusu mwanafunzi kuchagua sentensi rahisi. Katika mazungumzo tunakwepa. Tukishindwa na ngeli tunatumia neno jingine, au tunaonyesha kwa kidole. Matini haina huruma hiyo: hapo pana nuru na giza, maji na nchi kavu, miti na matunda yake, samaki, ndege na watambaao, na kila kimoja kinadai upatanisho wake. Kadhi alimsahihisha. Mmisionari aliyekuja kuhubiri dini yake akawa mwanafunzi wa mwanachuoni wa dini nyingine, akiketi na kuambiwa kwamba amekosea. Hatuna budi kukumbuka jambo hilo tunapoeleza chanzo cha maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kwa sababu jina la Krapf ndilo lililochapwa kwenye jalada, na la kadhi halikuchapwa.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 1844, homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku akiwa mgonjwa, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata baada ya siku chache nyingine. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo kaburi lao linaonekana hata leo. Krapf akabaki mgane katika mji ambao alikuwa bado hawezi kuzungumza lugha yake sawasawa. Hata rambirambi za majirani zilimfikia kwa maneno ambayo sehemu yake hakuyaelewa.

Angeweza kurudi Ulaya, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliendelea na daftari zake. Hatudai kwamba sarufi ilimfariji. Hatuamini kuwa sarufi humfariji mtu yeyote. Tunachoona katika mwenendo wake ni kwamba alikuwa na kazi ndogo ya kila siku isiyohitaji moyo mkunjufu: kusikia neno, kuliandika, kuuliza maana yake, kuuliza tena kwa mtu mwingine, kufuta. Mgonjwa aweza kufanya hayo. Mtu mwenye huzuni aweza pia.

Baada ya muda vurugu ilianza kupata sura, na iliyomsaidia zaidi, kwa maoni yetu, ilikuwa kujifunza lugha jirani. Mwezi Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kutoka Württemberg kama yeye. Mwezi Agosti wawili hao walihamia Rabai, kwa Wamijikenda ambao zama hizo waliitwa Wanyika. Walikwenda huko wote wakiwa dhaifu kwa homa, wakipokezana punda mmoja kupanda kilima. Huko Rabai Krapf alisikia lugha iliyokuwa na ngeli zile zile lakini bila maneno mengi ya Kiarabu. Kisha akasikia Kikamba kwa wafanyabiashara waliokuja pwani, na Kipokomo, na Kiyao. Mwaka 1850 alichapisha mjini Tübingen msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki uliopangwa bega kwa bega, pamoja na muhtasari wa sarufi ya Kiswahili uliohusisha pia lugha ya Wamijikenda. Katika safu za namna hiyo ‘mtu’ wa Kiswahili anasimama karibu na ‘mundu’ wa Kikamba na ‘mutu’ wa Wamijikenda, na ‘nama’ wa Kioromo anasimama mbali peke yake. Mtu akitazama safu hizo hahitaji tena kuambiwa kwamba kiambishi cha mwanzo ndicho chenye nguvu.

Jambo hili linawahusu wanachuo wetu moja kwa moja, nasi tunaomba ruhusa ya kuacha hadithi kwa kitambo. Mwanachuo aliyekulia katika Kiganda, Kinyankole au Kisoga anacho tayari kile ambacho Krapf alikitafuta kwa miaka miwili. Anasema ‘omuntu’ na ‘abantu’, ‘ekintu’ na ‘ebintu’, bila kufikiri. Mwenzake anayetoka Gulu, ambaye kwa Kiacholi husema ‘dano’, au anayetoka Arua na kuzungumza Kilugbara, hana msingi huo; yeye yuko pale alipokuwa Krapf mwaka 1844, na asidhani kuwa ana akili nzito kuliko wengine. Lakini yule wa kwanza naye asijivune. Msaada wa lugha ya nyumbani una mtego wake. Kwa kuwa ‘embwa’ katika Kiganda hufuata ngeli yake yenyewe, mwanachuo husema ‘mbwa inalala’, ‘ng'ombe yangu imepotea’, akisahau kwamba katika Kiswahili Sanifu viumbe wenye uhai huvutwa kwenye upatanisho wa A-WA: mbwa analala, ng'ombe wangu amepotea. Tumesahihisha kosa hilo katika daftari za wanachuo walio hodari kabisa, na halikosekani kila mwaka. Sisi wenyewe katika shule ya sekondari tulikuwa na mwalimu aliyetoa kiboko kwa kila kosa la upatanisho. Matokeo yake ni kwamba tulijifunza kunyamaza mapema sana, na ngeli tulikuja kuzijifunza baadaye mahali pengine.

Tukirudi kwa Krapf, lilikuwako pia tatizo la mwandiko. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla yake. Mashairi na tenzi zilihifadhiwa kwa herufi hizo. Krapf alizifahamu kazi hizo na kuzithamini, na mwaka 1854 alipeleka Ujerumani nakala za baadhi ya tenzi, ukiwemo ule wa Herekali. Hata hivyo alichagua herufi za Kirumi. Sababu moja ilikuwa ya kisauti: herufi za Kiarabu kwa asili yake hazina alama ya p, v, ch wala g, na hazitofautishi waziwazi e na i, au o na u, hivyo msomaji hulazimika kuijua sentensi kabla ya kuisoma. Sababu nyingine ilikuwa ya kidini, naye hakuificha: hakutaka mwandiko uwe daraja la Uislamu. Mwanachuo na aipime sababu hiyo kwa akili yake mwenyewe; sisi tunaona kuwa ya kwanza ingetosha.

Lakini kuchagua herufi si kujua kuzitumia. Lahaja ya Mombasa, Kimvita, ina tofauti za sauti ambazo sikio la mgeni halizipati. ‘Paa’ la nyumba na ‘paa’ mnyama hutamkwa na Wamvita kwa namna mbili, la pili likiwa na pumzi baada ya p, na maandishi yetu ya leo hayaonyeshi tofauti hiyo. Krapf alijaribu kuandika alichosikia, na alichosikia kilibadilika kadiri sikio lake lilivyobadilika. Hata jina la lugha lilimsumbua: katika sarufi ya mwaka 1850 aliandika Kisuaheli, na katika kamusi yake ya mwisho akaandika Suahili. Mtu aliyekaa na lugha kwa zaidi ya miaka thelathini bado alikuwa anarekebisha tahajia ya jina lake.

Safari zake za bara zimeelezwa vya kutosha katika vitabu vya historia, nasi tutazipita upesi. Alikwenda Usambara kwa Mfalme Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya, na wataalamu wa Ulaya waliokuwa hawajaondoka vitini mwao wakamcheka kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 1851 alifuatana na Kivoi, kiongozi mashuhuri wa Wakamba, kuelekea mto Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akapotea peke yake porini kwa siku kadhaa, mwenye njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Alipowafikia Wakamba, baadhi ya jamaa za Kivoi walimtuhumu kwa kifo hicho, akalazimika kutoroka. Aliokoka na kurudi Rabai. Afya yake ilikuwa imeharibika, na mwaka 1853 aliondoka Afrika Mashariki. Alirudi kwa muda mfupi kati ya mwaka 1861 na 1862 kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza kituo cha Ribe. Miaka michache baadaye alikwenda Uhabeshi kama mkalimani wa msafara wa jeshi la Waingereza, ugonjwa ukamrudisha. Zaidi ya hayo aliishi Korntal, karibu na Stuttgart, na karatasi zake.

Mwaka 1864 alifika Unguja Edward Steere, Mwingereza aliyekuwa amesomea sheria na ambaye baadaye alikuwa askofu. Steere alikuja na vitabu vya Krapf mkononi; havikuwepo vingine. Baada ya kuvitumia alieleza wazi kwamba, pamoja na bidii na kipaji kikubwa cha mwandishi, havikumfaa mtu anayeanza: kwanza vilikuwa vya Kimvita, na pili tahajia yake ilikuwa ya kuchanganya na isiyo thabiti. Hukumu hiyo ni kali, na kwa sehemu kubwa ni ya haki. Sarufi ya Krapf inasomeka kama daftari la mtu ambaye bado yumo katika kujifunza, na mwanzilishi akiisoma anarithi vurugu yote ya mwandishi bila kupata subira yake. Steere, mwenye akili ya mwanasheria, aliipanga lugha upya kwa msingi wa Kiunguja, na kitabu chake cha mwaka 1870 kikawa ndicho kilichotumiwa na wengi. Viongozi wa makoloni walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuamua lahaja ya kusanifishwa, walichagua Kiunguja. Tunaweza kusema kwamba Krapf alishindwa, na mji wa Mombasa ulishindwa pamoja naye, ingawa washairi wa Mombasa hawajakubali hadi leo.

Alivyoipokea hukumu ya Steere twaiona katika kamusi yake. Kazi hiyo aliianza katika siku za Mombasa na kuendelea nayo hadi uzeeni. Humo maneno aliyoyapata kwa wengine ameyatia alama ya herufi za majina yao: ya Rebmann, aliyerudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu na kufariki huko huko Korntal mwaka uliofuata, na pia ya Steere. Mzee aliyekosolewa alichukua maneno ya mkosoaji wake na kuyaandika kuwa ni ya mkosoaji huyo. Na mahali ambapo hakuwa na hakika na maana, hakukisia kimyakimya kama wafanyavyo watunga kamusi wengi. Aliweka alama ya kuuliza. Anayeifungua kamusi hiyo hukutana na alama hizo mara kwa mara, katikati ya mifano mirefu ya sentensi za Kimvita alizoziandika miaka mingi nyuma. Yaliyomo, A. C. Madan aliyatumia alipotunga kamusi yake ya mwaka 1903, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikajengwa juu ya ile ya Madan. Hivyo maneno mengi yaliyosikiwa Mombasa na mgonjwa wa homa yamepita mikono kadhaa hadi kufikia kamusi zilizo kwenye maktaba ya chuo. Alama za kuuliza ziliachwa njiani.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amekufa chumbani mwake, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Ilikuwa ya Kiswahili kwa Kiingereza, lugha mbili ambazo zote mbili alijifunza ukubwani.